Tumbo Kubwa Si Shibe: Lishe ya Punda Mwenye Mimba Mkoani Singida

Wahenga walisema: afe punda, mzigo wa bwana ufike. Methali hii yaonyesha kwa ukali namna mwanadamu alivyomtazama mnyama huyu tangu zamani, kwamba ni chombo cha kubebea tu, nacho chombo kikivunjika hutafutwa kingine. Lakini punda mwenye mimba huchukua mizigo miwili kwa wakati mmoja, mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Huyo akifa, hakuna mzigo ufikao. Makala haya yanakusudia kueleza mambo yatukiayo ndani ya mwili wa punda jike katika muda wa mimba, na namna mfugaji wa Singida awezavyo kumlisha kwa vitu vilivyomo katika mazingira yake, ili mama na mtoto wapone.

Thamani ya punda mmoja

Mji wa Singida umo katika ukanda mkavu wa kati ya nchi yetu, juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni ya ukame. Katika kata za pembezoni mwa mji, kama vile Mtamaa, Mwankoko na Unyambwa, na katika wilaya za jirani, punda hubeba madumu ya maji, kuni, na magunia ya mtama na alizeti. Kaya isiyo na punda hubeba vitu hivyo kichwani, na kichwa hicho aghalabu ni cha mama au cha mtoto.

Tena punda si mnyama wa kuzaana upesi. Huzaa mtoto mmoja kwa mimba moja. Mapacha ni nadra, na wakitungwa mara nyingi hawafiki salama. Mimba huchukua takriban mwaka mzima, na mtoto hawezi kutiwa katika kazi ya kweli kabla hajatimiza miaka mitatu hivi. Hivyo tangu siku ya kupandwa hadi siku ambayo mzaliwa ataanza kubeba mzigo hupita miaka minne. Kwa sababu hiyo biashara ya ngozi za punda iliyoenea barani katika miaka ya karibuni ilipunguza wanyama hawa kwa kasi ambayo uzazi wao haukuweza kuifidia. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa, walikubali kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Uamuzi huo huwalinda punda na kisu. Kuwalinda na njaa ni kazi ya mfugaji mwenyewe.

Vitabu vya farasi na zizi la Singida

Sehemu kubwa ya sayansi ya lishe ya wanyama wa jamii hii imetokana na uchunguzi wa farasi, tena farasi wa Ulaya na Marekani. Huko farasi jike mwenye mimba husimama bandani, huletewa majani bora na nafaka, na onyo la kwanza la daktari wake ni kwamba asinenepe kupita kiasi. Msomi aliyefunzwa kwa vitabu hivyo, kama alivyofunzwa mwandishi wa makala haya, hana budi kuvisoma upya arudipo nyumbani, kwa maana katika zizi la Singida onyo la kwanza ni kinyume chake.

Punda si farasi mdogo. Farasi jike hubeba mimba kwa siku 340 hivi, yaani miezi 11. Punda hubeba kwa miezi 12, na wengine huzaa katika mwezi wa 11 au wa 14 bila dosari yoyote. Punda humeng'enya majani makavu na magumu vizuri kuliko farasi, kwa msaada wa vijidudu wanaoishi katika utumbo wake mpana, na huhitaji nguvu ya chakula iliyo kidogo kuliko ya farasi wa uzito ule ule. Sifa hizi ndizo zilizomwezesha kuishi katika nchi kavu za Afrika, ambako alifugwa kwa mara ya kwanza miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Lakini sifa hizo hizo zimewafanya watu wengi wadhani kwamba punda aweza kuishi kwa chochote. Dhana hiyo humdhuru kidogo punda dume. Punda jike mwenye mimba humdhuru sana.

Mwendo wa mimba

Katika miezi minane ya kwanza mtoto aliyemo tumboni hukua polepole. Viungo vyake vyote huumbika mapema, lakini uzito wake ni mdogo, wala hamdai mama yake chakula kingi zaidi ya kile cha kawaida. Hali hubadilika katika theluthi ya mwisho. Zaidi ya nusu ya uzito ambao mtoto atazaliwa nao huongezeka katika miezi minne ya mwisho tu. Mifupa hukomaa, nyama hujaa, na mwili wa mama huanza kutayarisha maziwa.

Kwa farasi, vipimo vilivyotolewa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 2007 vyaonyesha kuwa katika mwezi wa mwisho mahitaji ya nguvu ya chakula huzidi yale ya kawaida kwa zaidi ya robo, na mahitaji ya protini huzidi kwa kadiri ya sehemu mbili kwa tano. Mahitaji ya punda huanzia chini zaidi, lakini hupanda kwa mwendo huo huo. Angalia, msomaji, kwamba protini huongezeka kuliko nguvu. Zaidi ya hayo, wakati huo huo mtoto huchukua nafasi kubwa tumboni na kuyabana matumbo, hata mama asiweze kula wingi aliouzoea. Kwa hiyo dawa yake si kumrundikia mabua zaidi, bali ni kumpa chakula kichache chenye ubora.

Tumbo hudanganya

Wafugaji wengi humpima punda kwa tumbo. Wakiliona limejaa husema ameshiba, na wakijua ana mimba husema mtoto anakua vema. Kipimo hiki ni kibovu. Punda alaye majani makavu yasiyo na lishe hulazimika kula mengi, nayo hukaa muda mrefu katika utumbo mpana yakichachushwa na vijidudu. Tumbo hutanuka, huku nyama ya mgongoni na makalioni ikipungua. Mnyama wa namna hiyo ana tumbo la mimba na mgongo wa njaa.

Hata mizani yaweza kudanganya. Farasi jike mwenye mimba anayelishwa sawasawa huongezeka uzito kwa asilimia 12 hadi 16, kwa sababu ya mtoto, kondo la nyuma na maji ya uzazi. Tukichukua kiasi hicho kwa punda wa kilo 120, ongezeko ni kilo 14 hadi 19. Basi kama punda huyo atakuwa na kilo 120 zile zile siku chache kabla ya kuzaa, hakubaki vile vile alivyokuwa. Amekula akiba ya mwili wake mwenyewe kwa kadiri ya kilo hizo, naye mfugaji hakuona kitu.

Kipimo cha kweli ni mkono. Mfugaji apitishe vidole juu ya mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga, maana manyoya ya punda huficha mengi. Wataalamu hugawa hali ya mwili katika madaraja matano. Daraja la 1 ni mnyama aliyebaki mifupa, na la 5 ni yule aliyenenepa hata shingo ikalemewa na mafuta na mbavu zisipatikane kwa vidole. Daraja linalofaa ni la 3: mbavu hazionekani kwa macho, lakini vidole vikibonyeza kidogo huzihesabu, uti wa mgongo wahisika bila kuchongoka. Punda jike aingie katika theluthi ya mwisho ya mimba akiwa katika daraja hilo. Aliye katika daraja la 2 aongezewe chakula mapema, kwa kuwa baada ya hapo kila anachokula hupelekwa kwa mtoto kabla ya mgongo wake.

Kipimo cha pili ni kamba. Mfugaji aizungushe kamba kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, asikaze wala asilegeze, kisha afunge fundo mahali inapokutana. Sehemu hiyo ya mwili haichukui mtoto, kwa hiyo huonyesha hali ya mama mwenyewe. Apime tena kila baada ya wiki mbili. Wachunguzi R. A. Pearson na M. Ouassat, waliofanya kazi juu ya punda wa Morocco na kuchapisha matokeo yao mwaka 1996, walionyesha kuwa mzingo wa kifua waweza kutumika kukadiria uzito wa punda wa kazi. Kwa makadirio ya namna hiyo, punda mwenye mzingo wa sentimita 110 ana kilo 117 hivi. Akishuka hadi sentimita 106 ana kilo 106. Upungufu wa upana wa vidole viwili, ambao jicho halitauona, ni karibu sehemu ya kumi ya mwili wake.

Hesabu ya miezi

Sasa twafikia jambo lililo kubwa kuliko yote. Kwa kuwa mimba ya punda huchukua takriban mwaka mzima, mwezi wa kupandwa na mwezi wa kuzaa huwa karibu sawa. Maana yake ni kwamba anayeamua mwezi wa kupandwa ameamua pia ni majani gani yatakayokuwa malishoni mtoto atakapokuwa akikua kwa kasi.

Tuchukue mfano wa punda aliyepandwa mwezi Septemba. Atazaa karibu na Septemba ya mwaka ufuatao. Miezi yake minne ya mwisho itakuwa Juni hadi Septemba, wakati nyasi zimekauka na protini yake imekwisha. Kisha atanyonyesha Oktoba na Novemba, miezi ambayo malisho yamekwisha kabisa, visima vimeshuka, safari ya maji imekuwa ndefu, na shamba latayarishwa. Huyu amepangiwa njaa katika miezi ile hasa asiyoweza kuistahimili.

Tumlinganishe na aliyepandwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Miezi yake ya mwisho itaangukia kati ya Desemba na Aprili, nyasi zikiwa mbichi. Maziwa yatahitajika sana kuanzia Aprili hadi Juni, wakati malisho hayajaisha na mabaki ya mavuno yanapatikana. Wanyama wawili hawa waweza kuwa wa mfugaji mmoja, katika zizi moja, na mmoja akazaa mtoto imara huku mwingine akizaa mfu, bila ugonjwa wala uchawi.

Ipo hatari nyingine katika hesabu hii. Punda jike hurudi katika joto siku chache tu baada ya kuzaa, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Akipandwa papo hapo, atazaa tena katika msimu ule ule wa mwaka unaofuata. Aliyeanza vibaya huendelea vibaya mwaka hata mwaka, na mwenyewe akasema punda huyu ana mkosi. Kuuvunja mkosi huo ni rahisi: madume yasiyohitajika kwa mbegu yahasiwe na mtaalamu, dume la mbegu litengwe katika miezi isiyofaa, na tarehe ya kupandwa iandikwe. Punda jike asiye na mimba huingia joto kila baada ya siku 23 au 24 hivi, hivyo mfugaji akikosa mwezi mmoja atapata nafasi nyingine. Aliye na shaka juu ya mimba amwite Bwana Mifugo au daktari.

Chakula kilichopo

Msingi wa chakula ni majani. Mabua ya mtama, uwele na mahindi yakusanywe mara baada ya mavuno, yakaushwe na kuwekwa chini ya paa, kwa sababu jua na mvua huondoa lishe. Punda aachiwe achague majani ya bua na kuacha vigogo. Kwa makadirio, punda wa kilo 120 atahitaji kilo mbili na nusu hivi za chakula kikavu kwa siku.

Mabua peke yake hayatoshi katika miezi minne ya mwisho, maana protini yake ni haba. Hapa Singida imejaliwa. Mkoa huu ni wa alizeti, na mashine za kukamua mafuta huacha mashudu yenye protini nyingi. Robo kilo kwa siku mwanzoni, ikiongezwa polepole hadi nusu kilo, ikigawanywa asubuhi na jioni, yaweza kubadili hali ya mnyama. Asiye na mashudu atumie majani ya karanga au ya kunde yaliyokaushwa. Hayo yana faida ya pili, kwani yana madini ya kalisiamu ambayo pumba za nafaka hazina ya kutosha. Punda alishwaye pumba nyingi bila majani ya mikunde hudhoofika mifupa. Kila chakula kipya kiingizwe kwa muda wa siku saba hadi kumi, ili vijidudu vya utumbo vipate kuzoea, vinginevyo tumbo litamsokota. Chumvi kidogo ya kulamba nayo isikosekane.

Yapo mambo mawili ya kuepukwa. La kwanza ni machipukizi ya mtama, yaani yale majani mabichi yanayoota tena kwenye visiki baada ya mavuno au mvua ya ghafla. Machipukizi hayo yana sumu ya sianidi. Katika jamii ya farasi na punda, malisho ya mtama mbichi huharibu uti wa mgongo na kibofu, hata mnyama akayumba miguu ya nyuma na mkojo ukamtiririka. Majike yenye mimba yaweza kuharibu mimba au kuzaa watoto wenye viungo vilivyokakamaa. Mabua yaliyokomaa na kukauka vizuri hayana hatari hiyo. La pili ni pumba au mahindi yenye ukungu. Sumu ya ukungu wa mahindi huua ubongo wa wanyama hawa, na hakuna dawa yake.

Maji na kazi

Mwaka 1970 mwanasayansi wa Kenya, G. M. O. Maloiy, alichapisha uchunguzi wake juu ya matumizi ya maji katika punda wa Kisomali. Uchunguzi wa aina hiyo ulithibitisha kuwa punda aweza kupoteza maji yaliyo karibu asilimia 30 ya uzito wake na bado akaishi, kisha akayarudisha kwa kunywa muda mfupi tu. Hata hivyo uchunguzi ulionyesha pia kwamba punda mwenye kiu hupunguza kula. Hivyo kumnyima maji ni kumnyima chakula kwa njia ya mzunguko. Punda abebaye maji ya watu anyweshwe kisimani kabla ya kutwikwa madumu, tena jioni anyweshwe mara ya pili. Maji ya Ziwa Singidani yana chumvi. Yasihesabiwe kuwa ni kinywaji chake.

Katika miezi mitatu ya mwisho mizigo ipunguzwe, na mwezi wa mwisho apumzishwe kubeba na kuvuta. Kupumzishwa si kufungwa kwenye mti; atembee na kujilisha.

Hatari ya kunyima ghafla

Tusije tukatoka katika kosa moja tukaingia katika jingine. Wapo punda wa mjini wasio na kazi nyingi, wanaokula pumba na maganda mchana kutwa, nao hunenepa hadi daraja la 4 au la 5. Mwenye punda wa namna hiyo akiona amezidi unene katika mwezi wa kumi wa mimba, asimfungie chakula. Mwili wa punda ukinyimwa chakula ghafla huyeyusha mafuta yake kwa wingi kupita uwezo wa ini, damu ikajaa mafuta, na ini na figo zikaharibika. Mnyama huzubaa, hukataa kula, na wengi hufa. Hatari hii ni kubwa zaidi mwishoni mwa mimba na mwanzoni mwa kunyonyesha. Unene upunguzwe kabla ya kupandwa. Na punda yeyote mwenye mimba anayekataa chakula kwa siku moja nzima aitiwe daktari siku hiyo hiyo.

Dang'a

Faida ya jitihada hizi zote huonekana katika saa za kwanza baada ya kuzaa. Kondo la nyuma la punda haliruhusu kinga za mama kupita katika damu ya mtoto. Mtoto huzaliwa bila kinga ya kutosha na huipata kwa kunyonya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Utumbo wake huweza kuzipokea kinga hizo kwa muda wa siku moja tu, na uwezo huo hupungua kila saa. Mtoto mzima husimama ndani ya saa moja au mbili na kunyonya muda si mrefu baadaye. Mama aliyekonda huzaa mtoto dhaifu asiyeweza kusimama upesi, na dang'a yake mwenyewe ni haba. Mtoto huyo akifa wiki ya pili kwa kuhara, watu husema ameuawa na kuhara, kumbe chanzo chake kilikuwa kiangazi kilichopita.

Basi mfugaji na akumbuke mambo haya: atumie mkono na kamba kuliko jicho, apange kupandisha kati ya Februari na Aprili, aweke akiba ya mabua chini ya paa, na gunia la mashudu kwa ajili ya miezi minne ya mwisho, anyweshe kabla ya kutwika, na asimnyime ghafla aliyenenepa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mashine kutoka ng'ambo. Kamba ipo, mashudu yapo, na kalenda imetundikwa ukutani.